Kipengele cha Kumi na Nne

Jina kamili: Milembe Nsabi Kasonta.
Mahali pa kuzaliwa: Ng'ambo.
Kijana wa stesheneri akanyanyua macho. "Ng'ambo ipi, mama?"
Hii hii, nikamwambia, ya hapa Tabora.
Nilizaliwa Ng'ambo na sasa naomba ruhusa ya kwenda ng'ambo,
Ndola, kufungua banda la kuchuja asali,
na viza yenyewe wanaiita ya mwekezaji.

Neno hilo nililizoea likiwa limevaliwa na wengine.
Mwekezaji alikuwa mtu wa gari jeupe,
akifika anatafutiwa kiti chenye mgongo
na watoto wanaambiwa waache kelele.
Mama mkwe aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu:
"Wewe, Milembe? Na hizo kandambili?"

Vipengele kumi na vitatu tumevijaza bila jasho.
Cha kumi na nne kinasema: Eleza chanzo cha mtaji.
Wameacha mistari miwili.

Mistari miwili.
Niwaandikie mizinga arobaini ya gome la mtundu
aliyoitundika baba kule Sikonge,
na ule mwaka wa moto, tuliporudi na kumi na mmoja,
nta imeganda majivuni kama uji uliomwagwa na mtoto?
Niwaandikie madumu niliyoyasukuma kwa baiskeli hadi stesheni,
na yule abiria niliyempa chupa tatu dirishani,
treni ikang'oka, hela yangu bado iko mkononi mwake,
nikaikimbilia mpaka jukwaa likaisha?
Lile ni deni. Halina risiti.

Niwaandikie fidia:
watu wa reli mpya walipaka X nyekundu ukutani mwa jiko,
rangi ikachuruzika juu ya masizi,
nami nikapika siku themanini naitazama
kama hesabu niliyokosa.
Fidia inayo risiti. Imeambatishwa.

Upatu wa Jumanne umo pia,
ingawa Tausi wa Kiloleni hadi leo
anaapa kwamba nilipokea zamu yake.

Halafu ziko milioni mbili na laki nne.

Hizo ni za kaka yangu, Kulwa.
Tumbaku yake ililala ghalani kwa chama cha msingi
tangu Juni, na yeye amelala chumba cha uani,
tunasubiri malipo tumpeleke Bugando.
Malipo yaliingia Alhamisi, saa nne asubuhi.
Tulikuwa tunatoka makaburini.
Simu yake ilitetemeka mfukoni mwangu,
mikono yangu ina udongo,
nikasoma *umepokea*, nikaizima.
Doto akasema, chukua wewe,
mimi hazitanipita kooni.

Taarifa ya benki inaonyesha tarehe, na maneno mawili: kuweka taslimu.
Kumbe ndivyo mtu anavyokuwa mwekezaji.
Anaweka. Hasemi alikitoa wapi.

Kijana anagonga meza kwa kalamu.
Nyuma yangu yuko mwanafunzi wa uuguzi,
na mzee mmoja aliyekuja kutafuta mwaka aliozaliwa.
"Mama, tuandike nini?"
Andika biashara ya asali.
"Basi?"
Basi.

Mstari wa pili ukabaki mtupu.
Akaupiga wino wa mshazari, mtu asije akaongeza neno,
akazipanga karatasi, akazigongagonga mezani zilingane.
"Nakala za rangi au nyeusi?"
Za rangi shilingi ngapi?
"Mia tano."
Nyeusi.

Alipofika kwenye picha ya nyumba nikamshika mkono.
Hiyo yenye X, nikamwambia,
hiyo moja toa ya rangi.